Mpira wa Petroli

Mdogo wangu aling'olewa gego Jumatatu, na mimi nilikuwepo palepale. Nilimpeleka mwenyewe, maana ni baba wa watoto wawili lakini akiona sindano anatafuta mlango. Daktari wa meno, mama mmoja asiye na mchezo, alimpa pamba ya kuuma, kisha akatueleza sote wawili: damu itaganda kwenye lile tundu, na bonge hilo ndilo linaloponya, asilisumbue. Asiteme mate kwa nguvu, asivute sigara, asifyonze kitu kwa mrija siku kadhaa. Kesho yake ndipo aanze kusukutua polepole kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu.

"Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, daktari," nikajibu mimi, bingwa wa kuelewa.

Jumanne akaja gereji. Nilimwambia apumzike, akasema nyumbani watoto wanampigia kelele. Mchana mteja akaleta gari la dizeli lililotiwa petroli, na haraka zake juu. Ilibidi tangi limwagwe lote. Pampu ya mkono ilikuwa stoo, chini ya rundo la matairi, na mimi nikaona uvivu kuyahamisha. Tangu tuanze kazi pamoja, anayefyonza mpira wa kutolea mafuta ni yeye. Mimi ladha ya petroli inanitapisha. Nikamrushia mpira bila hata kumtazama.

"Haya, bwana mapafu, vuta."

Akasita kidogo. Kisha akavuta, akatema, mafuta yakaanza kushuka. Mate yale yalikuwa na damu. Niliyaona kwa macho yangu, nikayafukia vumbi kwa kiatu, nikaendelea na kazi.

Alhamisi alikuwa hashikiki. Maumivu yamepanda mpaka sikioni, hali, halali. Nikamrudisha kwa daktari. Akachungulia mdomoni, akakunja uso: bonge limetoka, mfupa uko wazi.

"Umefyonza nini wewe?"

"Soda, daktari. Kwa mrija."

Daktari akampa vidonge vyake, vya maneno. Mtu mzima, ameinamisha kichwa, anasemwa kama mtoto kwa kosa langu, na mimi nimesimama ukutani nimejikausha. Alipoanza kusafishwa lile tundu, akang'ang'ania mkono wa kiti kwa mikono yote miwili. Hapo nikashindwa.

"Si soda," nikasema. "Ni mimi. Nilimpa mpira wa petroli avute."

Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliweka dawa kwenye tundu, akaandika tarehe ya kurudi kubadilisha.

Tulipotoka nje nikamuuliza mdogo wangu kwa nini hakunikumbusha. Moyoni nilikuwa naomba aseme na yeye alisahau, tugawane.

Alikuwa ameshika shavu.

"Nilikumbuka, kaka," akasema. "Lakini si na wewe ulikuwepo daktari akisema? Uliponirushia mpira nikajua basi, hakuna ubaya."