Kontrola ya Mkono wa Kushoto

Nilimchosha Chege siku hiyo. Kila kontrola, ile mashine ya vitufe ya ma-DJ, aliyonishushia kutoka rafu za duka lake la Kariobangi, niliikataa.

"Siste, hii ndio ma-DJ wote hubuy. Kwani unataka gani?"

"Ya mkono wa kushoto. Si yangu, ni ya mama."

Akaiweka chini ile aliyoishika. Mama yangu, Fowsiya, hakuna asiyemjua mtaani Mowlem. Kwa miaka ishirini aliimba buraanbur, mashairi ya wanawake ya kumsifu bibi harusi, huku akipiga ngoma mwenyewe. Chege ndiye aliyetukodishia spika, ingawa hakuwahi kumsikia, maana wanaume hawaingii kwenye sherehe za wanawake. Mwaka jana kiharusi kilimnyang'anya mama ulimi na mkono wa kulia. Sasa dada yangu Ilwad anaolewa, na mimi nimeapa mama atamwimbia. Nina kichwa kigumu, sikatai.

Rekodi ya sauti yake ilikuwa moja tu, kwa sababu kwenye sherehe hizo simu huachwa mlangoni. Nilimrekodi zamani jikoni, akijizoeza huku anakaanga sambusa. Niliikatakata kwa programu ya muziki kwenye laptop, ili kila kitufe cha kontrola kitoe mstari mmoja. Kuicheza yote mfululizo kusingefaa: mwimbaji husema mstari, husubiri makofi, ndipo aendelee. Kusubiri huko mama bado alikujua.

Shangazi Bilan alinionya. "Hibaq, maji yakimwagika hayazoleki." Nikamwambia asinikatishe tamaa.

Mwishowe Chege aliigeuza kichwa chini ile kontrola ya kwanza kabisa. Vitufe vikubwa vikaja kushoto. Akaongeza miksa ndogo ya kuchanganya sauti, yenye njia mbili, moja ya laptop, nyingine ya maikrofoni ya ngoma.

"Mwambie mathe pole," alisema.

Siku ya harusi nilimketisha mama mbele ya meza, ngoma kando yake. Akabonyeza. Sauti yake ikajaa ukumbi, nzima, mafuta yakichachatika kwa mbali. Vigelegele! Nilikaribia kuruka kwa furaha. Akasubiri makofi, akabonyeza tena, sawasawa kabisa.

Kisha nikaona wanawake wote wamegeukia spika. Hata Ilwad alikuwa anacheza akiielekea spika. Mama naye aliliona hilo.

Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye miksa, ukaishusha njia ya laptop taratibu mpaka kimya.

"Hooyo! Mama, umezima!" Nikanyoosha mkono kuirudisha. Akanipiga kofi vidoleni, kama alivyokuwa akifanya zamani nilipodokoa sambusa.

Akagonga ngoma mara moja. Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya kukwaruza, bila neno hata moja. Akakoma pale mstari ulipoishia, akasubiri.

Hakuna aliyepiga makofi. Wiki tatu nilikuwa nimemchagulia kila kitu, hata upande wa vitufe, na kumwuliza anataka kumwimbia mwanawe kwa sauti ipi, sikumwuliza.

Ilwad akaja akapiga magoti mbele yake na hina yake mikononi, akapiga makofi peke yake, akilia. Mama akaendelea na mstari wa pili.

Mimi nilishindwa kupiga makofi. Nilikuwa nimeikumbatia laptop, ile sauti nzuri ikiwa bado ndani.