Dirisha la Nne la Kerengende

Keki ilikuwa imelala juu ya meza, ndefu kama mto wa kulalia, ina mabawa mawili na mkia uliochongoka. Ilikuwa meli ya angani, tena meli ya kupendeza, haikubaki kupambwa ila ubavu wa kushoto. Bibi harusi, ambaye ndiye mwoka keki mwenyewe, alishika mfuko wa krimu akasita. Akiweka madirisha matatu, baba yake mdogo hatatia mguu harusini. Akiweka manne, baba yake mzazi atakuja, ila atanuna kwenye kila picha.

Wenzetu hugombania mashamba na mirathi. Ukoo huu uligombania meli ambayo haipo.

Zamani runinga ilikuwa na kipindi kiitwacho Safari ya Kerengende. Kerengende ndiyo meli yenyewe, yenye madirisha matatu ubavuni. Mwisho wa msimu wa pili ikalipuliwa. Msimu wa tatu ulipoanza, hiyo hapo inapasua anga, nahodha yuleyule, kiti kilekile, ila madirisha sasa manne, na hakuna aliyeeleza kitu. Baba, fundi saa, mtu wa kutaka kila gurudumu likae mahali pake, akasema hizo ni meli mbili: ya kwanza imekufa, ya pili imerithi jina. Baba mdogo, fundi makochi, ambaye hajawahi kuona kiti kisichoweza kuvalishwa upya, akasema meli ni moja, imekarabatiwa, na dirisha la nne ni kiraka. Walibishana hivyo miaka nenda miaka rudi, na binti akakulia katikati yao, akicheka mpaka mbavu zimuume. Aliwapenda wote wawili, na tangu utotoni aliota kuingia ukumbini wamemshika mkono huku na huku.

Kisha siku ya kuvishwa pete, mbele ya wakwe, ubishi ukazuka tena. Baba, kwa kunogewa, akasema, “Mdogo wangu, wewe una macho lakini huoni.” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba mdogo hakucheka. Aliweka sahani chini, akachukua kofia yake, na tangu hapo ndugu hao hawakusalimiana.

Harusi ilikuwa kesho kutwa. Basi binti akafanya hila. Aliwapigia simu mmoja mmoja, akamwambia kila mmoja kwa sauti ya kunong'ona kwamba shauri la madirisha ni lake peke yake, na aje upesi pale anapookea kabla krimu haijakauka. Wote wawili walikuja mbio. Walikutana mlangoni.

“Mwambie baba yako sikujua kama yupo,” alisema baba mdogo.

“Mwambie baba yako mdogo kwamba hata mimi sikujua.”

“Jamani, mmegusana mabega,” binti akasema. “Ambianeni wenyewe!”

Aliwakalisha kwenye benchi moja, kati ya magunia ya unga, akafungua kompyuta yake ndogo. Simu iliyotoa intaneti aliiweka dirishani, maana chumba kile mtandao wake ulikuwa wa kubahatisha.

“Mchumba wangu ameipata mtandaoni ile sehemu yenyewe ya mlipuko. Leo tunaitazama, tumalize maneno.”

Baba alipiga makofi kama mtoto aliyeahidiwa peremende. Kile kituo cha runinga hakikuwahi kuirudia sehemu ile hata mara moja. Baba mdogo alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. “Ya nini?” akasema. “Si tulishaiona?”

“Basi utakuwa unajikumbusha,” binti akajibu, akabonyeza.

Lo, raha iliyoje! Muziki ulipoanza wote watatu wakauimba, hata walionuniana. Baba alikuwa akitangulia maneno: sasa nahodha atageuka, sasa atasema kwaheri, tazama mkia, tazama mkia! Mkia ukakatika. Mabawa yakafuata, kisha madirisha, moja baada ya jingine, mpaka pakabaki vumbi linalong'aa na giza.

Baba mdogo aliruka juu, mikono kichwani. “Mungu wangu! Imekwisha yote!”

Binti alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Baba alikuwa amemgeukia ndugu yake.

“Mbona unashtuka? Si tuliiona pamoja?”

“Uliiona wewe, kaka.”

“Na wewe ulikuwa wapi?”

“Juu ya bati. Nimeshika antena.”

Baba aliinua macho darini, kana kwamba bati lile liko palepale.

“Ulisema, ‘Hapohapo, usitikisike!’” baba mdogo aliendelea. “Nikiiachia kidogo tu, unapiga kelele picha imeondoka. Basi nikabaki. Mvua ikaja, nikabaki. Nilisikia kishindo, lakini kishindo ni kishindo tu, hata mlango hufanya kishindo. Niliposhuka ukanishika mabega, ‘Umeona, mdogo wangu? Umeona?’ Ulikuwa unatetemeka kwa furaha. Ningesemaje, kaka? Nikasema nimeona.”

“Na mimi nikakuambia mbele ya wakwe kwamba huoni.”

“Ndiyo maana iliniuma. Ilikuwa kweli.”

Machozi yalimlengalenga baba. Kisha akamshika ndugu yake mkono. “Nisamehe, mdogo wangu. Na yaishe. Meli ni moja, nimekubali.”

“Moja wapi!” Baba mdogo aliuchomoa mkono. “Hukuona mkia ulivyokatika? Ile hata mimi siikarabati! Ni mbili!”

“Nimesema moja!”

“Mbili, kaka! Nimeiona kwa macho yangu!”

Binti aliteleza kutoka kwenye gunia akakaa sakafuni, aproni usoni, akicheka na kulia kwa pamoja. Na waliendelea hivyo, vidole hewani, mpaka waliposikia sauti ya nahodha aliyeokoka imekatika katikati ya neno. Picha ilikuwa imeganda. Bado palikuwa na kipande cha mwisho, nao mtandao umekimbia.

Binti alinyanyuka, lakini baba alimtangulia. Aliichukua ile simu, akapanda juu ya kigoda, akatoa mkono wake wote nje ya dirisha na kuunyoosha juu, mpaka shavu likabanana na ukuta. Picha ikatembea.

“Shuka, baba, utaanguka! Nitaiegemeza na kitu.”

“Niache,” alisema baba. “Tazama wewe, mdogo wangu. Mimi utanisimulia.”

Baba mdogo alirudi kwenye benchi, akaisogelea kompyuta mpaka pua ikakaribia kioo. Binti alifuta macho, akachukua mfuko wa krimu, akaminya madirisha matatu, kisha la nne. Hakuna aliyemwona.

“Imekuwaje?” baba aliuliza, uso ukutani. “Anasema nini sasa?”

“Nyamaza kwanza, kaka,” alisema baba mdogo bila kugeuka. “Hapohapo. Usitikisike.”