Kisahani Kilichoonja Maji ya Moto

Haya, nakutegea, nawe tega sikio. Wanangu niliwapanga mstari miaka miwili wakanyooka. Kugeuza shingo tu, kila mmoja karudi kwao. Nini hao?

Usinipe mji, sina pa kuuweka. Ni meno ya mbele ya mjukuu wangu.

Alifungwa nyaya za kunyoosha meno akiwa na miaka kumi na mitatu. Zilipotolewa, daktari wa meno akampa kisahani cha plastiki kilichoumbwa kwa meno yake mwenyewe, kinapitisha mwanga kama kioo. "Vaa kila unapolala," akamwambia. "Jino halisahau kwao. Ukiliachia, linarudi."

Na alivaa. Mimi ndiye shahidi, maana tunalala chumba kimoja. Asubuhi anakiweka kwenye kikombe cha bluu juu ya rafu, anakwenda shule huku ananichekea: "Mke mwenzangu, nilindie mali yangu!"

Basi siku moja nikakinusa. Kinanuka mdomo. Mimi niliyelea watoto sita kwa kuchemsha chupa za maziwa, kidude hicho kinishinde? Nikachukua birika la chai, nikakimiminia maji yanayotokota. Kikajikunja, kidogo tu, kama ukucha. Nikakinyoosha kwa vidole gumba, nikakirudisha kikombeni.

Kesho yake akasema, "Bibi, kisahani kinanibana."

"Kitazoea," nikamjibu.

Hakikuzoea. Alikivaa kwa machozi wiki mbili, mwisho kikagoma kuingia kabisa. Akaogopa kusema, kwani mama yake ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Mwaka haujaisha, jino moja likampanda mwenzake begani. Mama mtu akaliona tukiwa mezani.

"Hukukivaa wewe!"

"Nilivaa, mama, mpaka kikakataa."

"Kikakataa? Kimekuwa punda? Mvivu, na sasa mwongo pia!"

Mtoto akanigeukia. "Bibi, si ulikuwa unaniona?"

Nikainamia chai yangu. "Macho yangu siku hizi, mjukuu wangu..." Macho haya haya yanayotunga uzi kwenye sindano bila miwani!

Tangu hapo anacheka na kiganja mdomoni. Akisema amefagia, mama yake anainama kuchungulia chini ya kitanda. Akisema kichwa kinamuuma, anaguswa paji la uso kwanza. Na mimi haniiti tena mke mwenzangu. Ananiita bibi tu, kama anavyomwita bibi yeyote wa njiani.

Juzi tukaenda kwa daktari, sote watatu, mama mtu akimshtakia uvivu wa bintiye. Daktari akakijaribu kile kisahani mdomoni mwa mtoto, akakiinua dirishani, akakigeuza huku na huku.

"Nikitengeneza kipya, kitayashika meno yalipo sasa, basi," akasema. "Kuyarudisha ni kuanza nyaya upya. Lakini huu si uvivu. Hiki kimeonja maji ya moto. Nani alikiosha?"

Mama mtu akamkazia macho bintiye. "Mjibu daktari! Au na hilo utasema hujui?"

Mtoto aliniangalia mimi, kiganja pale pale mdomoni, kama mtu anayeangalia mlango ambao ameshabisha mpaka kachoka.

"Nauliza tena," daktari akasema. "Nani?"

"Mimi," nikasema. "Kwa birika la chai."