Mtambo Aliousomesha Madamu Ukurasa

Wanafunzi walimwita Madamu Ukurasa, na jina hilo hakulikataa kwa sababu lilikuwa la haki. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha kozi ya Mawasiliano na Maendeleo ya Kazi, kozi ambayo kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au wa mifugo, ilimlazimu kuipita ndipo ahitimu. Sheria yake ilikuwa moja: maombi ya kazi hayazidi ukurasa mmoja. Ukizidisha mistari miwili, mistari hiyo ilikatwa kwa kalamu nyekundu, nawe ukakatwa alama kumi. Kuna kijana aliyewahi kuokoa wenzake watatu bweni lilipoungua, akaliandika jambo hilo kwenye barua yake. Madamu alimjibu pembeni: "Umeomba kazi ya uhasibu. Moto unatuhusu nini?"

Hakuwa mtu mbaya, tuelewane mapema. Aliamini waajiri ni watu wenye haraka na hasira za karibu, na kwamba ni afadhali mtoto wa watu aumizwe na mwalimu wake kuliko kwenda kuumizwa huko nje. Kasoro ni kwamba yeye mwenyewe aliomba kazi mara moja tu maishani, kwa barua ya kurasa nne aliyoiandika kwa mkono, na akaipata.

Kisha chuo kikapata homa ya akili bandia. Kitivo cha Kompyuta kikaongezewa ghorofa. Idara ya Historia ikaamka asubuhi ikiwa Idara ya Takwimu za Zamani. Hata kwenye mgahawa wa wafanyakazi likabandikwa tangazo kwamba foleni sasa inaongozwa na akili bandia, ingawa kila mtu aliona kwa macho yake kuwa aliyekuwa akiiongoza ni mama yule yule mwenye mwiko.

Siku moja Mkuu wa Kompyuta alibisha hodi ofisini kwa Madamu. Alikuwa kijana aliyepita mikononi mwake, sasa daktari mzima mwenye viatu vya bei na miguu isiyo na soksi.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Soksi ziko wapi?"

Kijana akacheka, akakaa. Alisema wanatengeneza mtambo wa kusoma maombi ya kazi na kuyapa alama. "Ila mtambo ni kama mtoto, Madamu, lazima uwe na mtu wa kumwiga. Tumeangalia chuo kizima. Hakuna anayesahihisha kwa msimamo kama wewe."

Kichwa kikamvimba Madamu. Alifungua kabati mwenyewe, akatoa maboksi kumi na manne ya karatasi alizosahihisha, kila moja ikiwa na alama yake na maneno yake mekundu, akasaidia hata kuyabeba hadi kwenye gari. Mtambo ukazisoma zote mchana mmoja, karatasi za zaidi ya miaka kumi.

Miezi mitatu baadaye ukatoka waraka. Idara yake inaunganishwa na Kompyuta. Nafasi zote za zamani zimefutwa, imebaki moja: Mhadhiri wa Mawasiliano, Akili Bandia na Maendeleo ya Kazi. Anayeitaka aombe upya, awe wa ndani au wa nje. Barua zitapimwa na mtambo, na atakayefikisha sabini ataitwa kwenye usaili. Madamu alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kazi ile ndiyo iliyompa jina, ndiyo iliyomwamsha asubuhi, na hakujua kufanya nyingine. Aliusoma waraka mara tatu, kisha akajipa moyo. Mtambo si wake?

Akaandika barua. Aliandika jinsi alivyoianzisha kozi hiyo kwenye chumba kisicho na madirisha, mwaka ambao hata chaki ilikuwa ya kugombania. Aliandika habari za wanafunzi waliorudi kumshukuru, na hata za mmoja aliyerudi kumtukana, ambaye naye alimfunza kitu. Zikatimia kurasa tano. Alipozisoma alilengwa na machozi, akaona kumbe maisha yake yalikuwa na maana. Akatuma Jumatatu.

Jibu lilirudi baada ya dakika nne. Alama thelathini na moja. Pembeni mwa barua, kwa rangi nyekundu:

"Kurasa tano! Unaomba kazi au unaandika wosia?"

"Umejisifu mno. Nani amekuuliza?"

"Hapa ulitaka tukuonee huruma?"

Aliyafahamu maneno hayo moja moja, kama mtu anavyofahamu nguo zake kwenye kamba. Lakini hakuwahi kuyasoma akiwa upande huu. Yalimchoma. Alikaa kwenye kiti chake huku aibu ikimpanda hadi masikioni.

Alipopata nguvu alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Kompyuta.

"Mtambo wako hauna adabu."

Kijana alijikuna shingo. "Madamu, nisamehe. Lakini yale maneno hatukuyatunga sisi." Akamweleza kwamba kanuni inaruhusu kutuma tena mara moja tu, mwisho Ijumaa.

Madamu alikwenda kwa mdogo wake, fundi cherehani, akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa. Safari hii hakuhangaika. Kila mwaka alikuwa akigawa darasani barua ya mfano, barua pekee aliyowahi kuipa alama mia, na kila mwaka aliwaambia wanafunzi waishike kama roho zao. Akainakili, akabadilisha jina na tarehe. Mdogo wake alikuja akasoma juu ya bega lake, pini zikiwa mdomoni.

"Dada, hii barua ni ya nani?"

"Yangu."

"Mbona humu ndani sikuoni?" Akazitoa pini, akasoma kwa sauti. "'Mimi ni mtu mwenye ari, ninayejituma na kupenda ushirikiano.' Hii hata muuza vifungo wangu anaweza kuituma."

"Ndivyo inavyotakiwa. Wewe shona."

"Nashona. Wiki hii peke yake nimeshona suti nane za buluu, kola ile ile, mifuko ile ile. Nikiwauliza mnakwenda wapi, wananyamaza. Sijui kuna nini mji huu."

Madamu hakumsikiliza. Alibonyeza, na jibu likaja kabla mdogo wake hajarudi kwenye cherehani. Tisini na sita. Hakukuwa na neno jekundu hata moja. Alipiga vigelegele mle dukani mpaka mteja akachungulia.

Siku ya usaili alifika saa tatu kasorobo, kwa sababu alifundisha kwamba atakayefika saa tatu amechelewa. Alipokata kona ya korido akasimama. Pande zote mbili, kwenye mabenchi, walikaa watu waliovaa buluu. Miguu yao ilikuwa pamoja. Mafaili yalilala juu ya mapaja, lebo ikitazama kushoto. Nyuso zote zilikuwa na tabasamu lile la wastani, lisiloonyesha meno. Walipomwona wakainuka wote kwa mara moja.

"Shikamoo, Madamu!"

Aliwahesabu: ishirini na watatu, wa kila mwaka, na hakuna hata mmoja ambaye hakupita mikononi mwake. Hakuhitaji kuuliza walituma barua gani wala walipata alama ngapi.

"Umekuja kutusimamia, Madamu?" aliuliza mmoja, mwanamke aliyekuwa sasa afisa wa bima.

"Nimekuja kuomba kazi."

Kisha afisa wa bima akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi.

Wakaitwa mmoja mmoja. Aliyetoka aliambiwa asubiri matokeo pale pale, hivyo benchi halikupungua. Madamu aliitwa wa mwisho, saa saba na nusu. Ndani walikuwamo watu watatu: mwenyekiti mzee ambaye chai yake ilishapoa, afisa utumishi na fomu zake, na Mkuu wa Kompyuta nyuma ya mtambo, ambao sasa ulikuwa ukisikiliza na kutoa alama kwa kila jibu.

"Udhaifu wako mkubwa ni upi?" mwenyekiti aliuliza, akiegemeza shavu mkononi. Midomo yake ilikuwa tayari ikilitamka jibu kimya kimya: najituma kupita kiasi. Alikwisha kulisikia mara ishirini na tatu.

Madamu alifungua kinywa alitamke. Likagoma kutoka.

"Udhaifu wangu umekaa hapo nje kwenye benchi," alisema. "Ishirini na watatu. Niliwapokea kila mmoja akiwa na lake la kusema, nikalikata. Nilidhani nawasaidia. Leo nimewaona wote pamoja na nimeogopa. Nikiipata kazi hii nitaanza kwa kuwaomba radhi, halafu nitafundisha upya, na sijui bado nitafundishaje."

Mwenyekiti akaketi wima. "Hili ndilo jibu la kwanza nililolisikia tangu asubuhi," alisema, na roho ya Madamu ikainuka, akaona kabisa mlango unafunguka.

Mtambo ulikuwa haujatoa alama. Mkuu wa Kompyuta aliinama kwenye kioo, akasoma: "Jibu geni. Muulize mwalimu."

"Mwalimu wake nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiye huyu."

Wakatazamana. "Basi tusaidie, Madamu," alisema mwenyekiti kwa upole. "Mwanafunzi akikujibu hivi darasani, unampa ngapi?"

Alijua hata kwenye usaili kinachotakiwa ni sabini. Angeweza kusema mia, na hakuna ambaye angembishia. Lakini kwenye alama hakuwahi kusema uongo hata siku moja.

"Mwaka jana ningempa ishirini."

"Na leo?"

"Leo ningemwajiri."

Afisa utumishi akainua kalamu. "Sasa tujaze ipi?"

Mkuu wa Kompyuta hakuinua macho. "Mtambo unazijua karatasi za hadi mwaka jana tu," alisema. "Ya leo hautaipokea."

Mwenyekiti aliitazama fomu, kisha akaivuta chai yake iliyopoa. Afisa utumishi akaandika ishirini, akamshukuru Madamu kwa muda wake, akamwomba akitoka aufunge mlango taratibu.