Tandu Juu ya Rangi Mpya

...na ndala bado iko juu, mkono umeanza kumuuma, lakini hapigi, akipiga mumewe atasikia, akisikia atauliza, na akiuliza... tandu mwenyewe hapo ukutani si yule wa shambani, mnene, wa miguu mifupi, anayemuuma mtu mzima akamwita mama yake, huyu ni wa ndani, mwembamba, mistari mgongoni, miguu mirefu kama nyuzi, kichwa ni kipi mkia ni upi hujui, hayo kafundishwa na mumewe huyo huyo aliyelala hapo kitandani kageukia mlangoni, miaka yote akipuliza dawa ya wadudu kwenye nyumba za watu, mdomo kaufunga leso, leso jamani, dawa ile itazuiwa na leso? sasa kifua ndicho hicho, wenye nyumba wakipiga kelele tandu, tandu, yeye anawatania, mnamfukuza mlinzi mbaki na wezi? huyo anakula mende, anakula mchwa, hana ugomvi na mtu, ila mkimwona papaseni ukuta, pakavu hakai... pakavu hakai, na daktari kasema nini, chumba kikavu, mama, la sivyo tunajisumbua, naye akaitikia ndiyo daktari, kikavu kitoke wapi, hiki chenyewe wamesitiriwa na shemeji, basi akatafuta rangi, akapaka juu ya ule ukungu mweusi huku anaimba, anaimba, mjinga yule, mumewe akasema ukuta umependeza, bibie, na yeye akaamini, wiki nzima kaamini hata kikohozi kimepungua... "Mbona kimya?" anauliza mumewe bila kugeuka, "Nafuta vumbi," anajibu, vumbi gani na ndala mkononi, anapapasa ukuta kwa mkono wa pili, polepole, rangi inabonyea kama mguu uliovimba, vidole vinarudi vimelowa, haya, ndiyo hivyo, maji yalikuwa humo humo yakimsubiri amalize kuimba, na tandu wala hana habari, katulia kama mwenye nyumba... "Usimuue," anasema mumewe, "ana kazi yake," kikohozi kinamkatiza, kinamwachia, "yupo tangu juzi, nilikuona unavyoifurahia rangi yako, nikaona ninyamaze"... kumbe, kumbe alijua, yeye anamficha mgonjwa na mgonjwa anamficha yeye, kumbe siku zote hizi anayeuguzwa humu ndani ni yeye, na ndala bado iko juu, na hajui aishushe wapi.