Farasi Aliyeguswa

Mama hunikumbusha kila siku kwamba hasira hasara. Sawa. Lakini mama hakuwepo pale mezani, wala hakumwona Ingrid.

Tulikuwa wanawake wawili tuliobaki, mimi wa mtaa wa Buyenzi na yeye wa mtaa wa Gasenyi. Mshindi angepata nafasi ya pekee ya mwanamke katika timu ya sataranji inayokwenda Kampala. Niliitaka nafasi hiyo mpaka nikakosa usingizi.

Ingrid akamshika farasi wake, akamwinua. Ndipo akaona kwamba farasi yule ndiye aliyemkinga malkia wake. Akimwondoa, malkia kaliwa. Akamrudisha palepale, akatabasamu.

"J'adoube," akasema.

Hilo ni neno la kusema kabla hujagusa, ukitaka kuiweka kete vizuri tu. Ukigusa bila kulisema, lazima uicheze kete hiyo. Hata watoto wanajua.

"Umegusa farasi," nikamwambia. "Ucheze huyo."

"Nimesema j'adoube."

"Umegusa kwanza, kisha ukasema. Monsieur Astère, we uliona."

Astère, mwamuzi wetu, alikuwa anachezea simu. "Mi sikuona kitu, Mwanasiti. Muendelee tu."

Damu ilinichemka. Mwamuzi gani asiyeona, na kazi yake ni kuona? Nikacheza kwa hasira, nikamlia kete moja baada ya nyingine, mpaka ushindi ukawa mkononi. Na kwa hasira hiyohiyo nikaishika ngome iliyomlinda mfalme wangu. Kuishika tu, nikaona kosa: popote itakapokwenda, nimekwisha.

Astère alikuwa bado na simu yake. Aliyeniona ni Ingrid peke yake. Akanitazama, akangoja nilitamke lile neno. Nikilitamka, sitakuwa tena na la kumwambia. Tutakuwa wezi wawili, tutaachana tukicheka.

Nilimchukia kuliko mtu yeyote. Nikaisogeza ngome.

Akakawia kidogo, kisha akamleta malkia, yuleyule aliyepaswa kuwa amekufa zamani, akamfunga mfalme wangu, mchezo ukaisha.

"Mat," akasema kwa sauti ndogo, akaninyooshea mkono.

"Huo mukono ndo uligusa farasi," nikamwambia. "Mi siwezi kuushika."

Astère akainua kichwa. Akasema kumnyima mwenzako mkono ni kosa, na ataniandikia adhabu. Hilo, kumbe, aliliona.