Gomme ya Gunnvor

Nikutegee kitu, nawe usikimbilie kujibu. Ukikipindua hakimwagiki. Ukikiinamisha hakitiririki. Ukichomeka kijiko katikati, kijiko kinasimama wima kama askari wa zamu. Lakini ukienda nacho uwanja wa ndege, unaambiwa ni maji. Ni kitu gani?

Ukishindwa usihangaike kunipa mji. Mji ninao tayari, una watu mia nne na duka moja, na unanitosha. Jibu ni gomme.

Gomme ni maziwa. Unayaweka jikoni asubuhi, unayachemsha polepole huku ukikoroga mpaka mkono unakufa ganzi, na jioni yamegandamana na kugeuka rangi ya asali. Hapo unatia yai, sukari na iliki. Mama yetu alikuwa akiipika Krismasi na kwenye matanga. Safari hii niliipika kwa ajili ya dada yangu Gunnvor, aliyekuwa amelazwa hospitali ya mjini Trondheim. Asubuhi ya kesho yake baada ya safari yangu alikuwa anapasuliwa tumbo, na daktari alishamwambia kwamba ikifika saa sita za usiku asitie tena kitu mdomoni. Baada ya hapo, wiki kadhaa za kula kwa mpira. Na hata kabla ya hapo alikuwa hali chakula. Kila kitu, alisema, kina ladha ya kadibodi. Mpaka Jumanne aliponipigia simu.

"Oddlaug, natamani gomme."

"Nikununulie?"

"Ukiniletea ya dukani nakufa makusudi."

Basi nikapika. Ndege yetu ni ndogo na inaondoka mara moja tu kwa siku, saa saba mchana. Nikasema, saa tisa niko kitandani kwake na kijiko mkononi.

Lakini kabla sijafika uwanjani inabidi niungame. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimeandika barua kwenye gazeti letu. Mimi, mwenye darasa la saba tu, nilikalia barua ile siku nne. Niliandika kwamba katika uwanja wetu ukaguzi ni kuulizana hali ya kondoo, kisha mtu anapita. Nikaandika kwamba hewani hakuna shangazi wala mjomba, na kwamba mkaguzi na akague. Ilipotoka niliikata, nikaibandika kwenye friji, na kila mgeni aliyekuja nilimtuma akachukue maziwa ili aione.

Mkaguzi mwenyewe ni Torgeir, mtoto wa marehemu kaka yetu, ana miaka hamsini na miwili na anakula viazi vyangu kila Jumapili. Sikumtaja jina gazetini. Haikuhitajika, kwa kuwa yuko peke yake.

Sasa nikafika. Nikaweka koti kwenye trei, nikaweka mfuko wangu wa kufumia, nikaweka mkoba wenye chupa ya gomme. Nyuma yangu alisimama Arnfinn, tarishi mstaafu wa posta, aliyekuwa anakwenda kumsalimia mwanawe. Mkanda wa mashine ukaenda, ukasimama. Ukarudi nyuma, ukasimama tena. Torgeir akakodoa macho kwenye kioo chake, kisha akaitoa chupa na kuiinua juu.

"Shangazi, hii nini?"

"Unaijua. Umeilamba kwenye sufuria tangu una miaka mitatu."

"Mimi nimeilamba. Mashine haijailamba. Imezidi mililita mia moja."

"Hii haipimwi kwa mililita, Torgeir. Inapimwa kwa kijiko."

"Kitu chochote kinachopakwa ni kimiminika. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kaandika nani?"

"Huyo simjui. Ila aliyeandika hiki namjua." Akanyoosha kidole ukutani. Juu ya mashine, imebandikwa kwa gundi pembe zote nne, ilikuwa barua yangu.

Arnfinn alicheka mpaka akashika mkanda. "Hongera, Oddlaug! Umepata msomaji!"

"Nyamaza wewe. Torgeir, ni ya Gunnvor."

Uso wake ukabadilika. Gunnvor ni shangazi yake vilevile, na ndiye aliyemlea wakati mama yake alipougua. Akaiangalia ile chupa, akaniangalia mimi.

"Najua hii ni gomme," akasema polepole. "Lakini atakayekuja na kitu kibaya, naye atakuwa na shangazi mgonjwa. Peleka kwenye mizigo ya chini."

"Dirisha la mizigo limefungwa."

"Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa kwenye meza ya kahawa, nikimsimulia Arnfinn ile barua. Hilo sikulisema. Wala sikusema kwamba chini nilikuwa sitaki kuiweka kwa vyovyote, kwa sababu mwaka juzi niliweka jamu sandukuni, ikapasuka, nikahudhuria ubatizo wa kitukuu na gauni lenye madoa kama nimetoka machinjioni.

Arnfinn akakohoa. "Torgeir, mkate wenye siagi unapita?"

"Unapita."

"Hata siagi ikiwa nene?"

"Mkate ni mkate, Arnfinn."

"Na lefse iliyopakwa gomme?"

Lefse ni mkate wetu mwembamba, laini kama kitambaa, na kwenye mkoba nilikuwa nazo kumi na mbili. "Lefse," akasema Torgeir, "ni mkate."

Basi nielewe vipi? Gomme ikikaa kwenye chupa ni hatari kwa taifa. Ikivaa lefse ni raia mwema. Nilitaka kumuuliza, lakini yeye alishatuonyesha mlango: tutoke nje ya mstari, tupake, turudi, tukaguliwe upya.

Tukakaa kwenye benchi, hatua kumi kutoka kwenye mashine. Arnfinn akatandaza lefse magotini. Mimi nikatumbukiza mkono kwenye mfuko wa kufumia, nikatoa cha kupakia, nikaanza kazi. Nilipaka ya kwanza. Nikapaka ya pili, vizuri, mpaka ukingoni, kama mama alivyotufundisha. Nilipofika ya tatu ndipo nilipoona kwamba Arnfinn ameacha kutandaza, macho yake yako mkononi mwangu.

Mkononi nilikuwa na kisu.

Usinielewe vibaya. Kwetu mtu hatoki bila kisu kama vile hatoki bila soksi, na huwezi kukumbuka kila siku kwamba umevaa soksi. Hicho nilikisafishia samaki Jumamosi, nikakirudisha kwenye ala, nikakitupia mfukoni. Kilikuwa kimelala katikati ya sindano zangu tano za kufumia. Sindano zinaruhusiwa, hupita kila mara. Mashine iliona fungu la vyuma, na mwenye mashine alikuwa anaangalia chupa.

Torgeir akaja. Hakuja kwa haraka.

"Shangazi. Hicho kimetoka wapi?"

"Mfukoni."

"Mfuko uliopita kwangu?"

"Ndio huo."

Akaketi kando yangu. Nilitarajia anigombeze, na ningefurahi kugombezwa. Badala yake akasema, "Nilikuwa nabishana na maziwa."

"Mimi ndiye niliyekubishia."

"Nikiandika taarifa, polisi lazima avuke na kivuko aje kukuhoji. Leo husafiri. Na mimi nitaitwa Oslo kufanya mtihani upya, sijui kama nitaupita. Nisipoandika, kisu kinakaa kwenye droo yangu, wewe unapita, saa tisa uko kwa shangazi Gunnvor. Kaona Arnfinn peke yake, wengine wameshapita ndani."

"Mimi nilikuwa naangalia lefse," akasema Arnfinn.

"Basi niambie wewe, shangazi, wewe unayewaandikia watu gazetini. Niandike, au nisiandike?"

Niliendelea kupaka, maana mikono yangu ina akili kuliko kichwa, na yeye akaniachia kile kisu mpaka nimalize. Nilipaka ya sita, ya saba. Nilikuwa na la kusema, tena tamu: kwamba mashine inayokamata maziwa na kuachia chuma haimlindi mtu, inamchosha tu, kwamba tunavuliwa viatu ili tujisikie tumetunzwa. Ningeweza kulisema. Lakini nilimtazama Torgeir akisugua macho, nikajua kwamba wiki ijayo atakaa mbele ya kioo kilekile, na sindano zitapita, na hakuna atakayekuwa amemwambia mtu yeyote wa juu kwamba katikati ya sindano kunaweza kulala kisu. Na anayefuata huenda hana lefse.

Na jambo lingine niliona, likaniuma masikio kama upepo wa Januari. Katika barua nzima ile, siku nne za kuandika, nilikuwa nimeomba ukali kwa ajili ya watu wengine. Yule bibi mwenye mfuko wa sindano hakunijia akilini hata mara moja.

Ya kumi na mbili ikaisha. Chupani ilibaki ya kulamba tu. Spika ikaita abiria wa Trondheim, wote tisa. Nikamkabidhi Torgeir kisu, mpini mbele. Kisha nikamgeukia Arnfinn.

"Wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Mwambie ale kwanza, maswali baadaye."

"Na wewe?"

"Chukua."

Akazikunja lefse mwenyewe kwenye karatasi, moja moja, kama barua. Tukaenda naye mpaka kwenye mkanda. Torgeir akaketi kwenye kiti chake, akavuta pumzi.

"Arnfinn, umefunga mwenyewe?"

"Umeniona."

"Kuna mtu amekupa kitu umbebee?"

"Nilishika kila lefse kwa mikono hii. Nusu ya jasho ni langu."

Torgeir akamwangalia, akakiangalia kioo. Safari hii aliangalia muda mrefu sana, kona zote. Mfuko ukapita. Arnfinn akavaa koti, akatembea kwenye theluji kuelekea ndegeni, amekumbatia kile kifurushi kwa mikono miwili. Sijawahi kumwona akibeba kitu cha posta namna ile.

Ndege ikapaa, ikaingia mawinguni. Torgeir alikuwa amesimama kando yangu dirishani, kalamu mkononi, karatasi bado nyeupe.

"Shangazi, hukunijibu."

"Andika," nikamwambia. "Na useme kilikuwa kikali."